TUJIFUNZE GITAA: Fundi Akihama, Muziki Usihame Naye

Mwezi uliopita tulijifunza sehemu za gitaa. Tulitaja tumbo, shingo, kichwa na nyuzi 6. Mwezi huu tunaendelea. Tuna masomo manne, somo moja kwa kila wiki. Tutajifunza kulinganisha nyuzi. Tutajifunza kodi mbili. Mwishoni tutapiga wimbo mmoja.

Usiogope neno kodi. Kodi hii hailipwi. Kodi ni sauti kadhaa za nyuzi zinazolia pamoja na kupatana.

Kabla ya masomo, nataka kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe.

GITAA LILILOTUNDIKWA UKUTANI

Kijiji chetu kiko upande wa Inyonga, katika mkoa huu wa Katavi. Wengi wetu ni wakulima na warina asali. Tulikuwa na kikundi cha muziki cha watu 9. Mwaka mmoja, baada ya kuuza asali, tulichanga fedha. Tulimtuma mwenzetu mmoja Mpanda mjini. Alirudi na gitaa. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa zima.

Katika watu 9, mmoja tu alijua gitaa. Tulimwita Fundi. Wengine tulipiga ngoma, tuliimba na kucheza. Fundi hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na sharti moja. Hakutaka mtu mwingine azungushe vigingi vya kukazia nyuzi. Alisema, "Mtakata nyuzi. Nyuzi zenyewe ni za kutafuta mbali." Sisi tukakubali.

Mwaka 2016 Fundi aliondoka kwenda machimbo ya dhahabu. Alisema atarudi baada ya mwezi mmoja. Hakurudi. Gitaa likabaki limetundikwa ukutani kwa miezi 7. Buibui alijenga nyumba ndani ya tumbo lake.

Ikaja harusi ya kijana wa jirani. Wazazi wake walituomba tupige muziki. Tuliona aibu kukataa. Tulilishusha gitaa, tukalifuta vumbi, tukaenda nalo. Nyuzi zilikuwa zimelegea. Kila uzi ulisema lake. Watu walicheka. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Wanangu, mmeleta mbuzi au mmeleta muziki?"

Tulirudi nyumbani kimya. Tulikuwa na gitaa. Tulikuwa na mikono 16 na masikio 16. Lakini hatukuwa na muziki. Muziki wetu ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo hayupo.

Ndugu msomaji, je, jambo hili hulikumbuki? Zamani, katika vijiji vingi, barua ilipofika ilipelekwa kwa mtu mmoja anayejua kusoma. Akisafiri, barua ilimngoja. Siri ya nyumba yako aliijua yeye kwanza. Leo unasoma gazeti hili mwenyewe. Umetoka katika hali ile. Gitaa nalo ni vivyo hivyo. Elimu ikiwa ya mtu mmoja, kikundi kinamtegemea. Elimu ikiwa ya wote, akiondoka mmoja kazi inaendelea.

MAMA ALIYEIJUA SAUTI

Siku ya tatu baada ya harusi tulikutana tena. Alikuwapo mama mmoja anayeimba kwaya kanisani. Aliniambia, "Mwalimu, sijui gitaa. Lakini do, re, mi ninazijua. Hebu gusa huo uzi mnene."

Nikaugusa.

"Huo uwe Mi," akasema. "Sasa gusa unaofuata."

Nikaugusa.

"Huo unatakiwa uwe La. Uko chini. Kaza kidogo. Bado. Bado. Basi, hapo hapo!"

Tulifanya kazi jioni tatu. Uzi mmoja ulikatika. Tuliuweka uzi wa akiba. Jioni ya tatu gitaa lilisema neno moja. Mama yule alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baadhi ya watu walikuwa wamemwambia kwamba gitaa ni uhuni, tena si kazi ya mwanamke. Siku hizi yeye ndiye anayewafundisha vijana kulinganisha nyuzi. Wazee wale wale huleta wajukuu wao kwake.

Je, Fundi alirudi? Ndiyo. Alikuja kwenye msiba wa ndugu yake. Tulimpa gitaa alishike. Alizigusa nyuzi zote 6, moja baada ya moja. Akatafuta kosa, hakuliona. Alikaa kimya. Kisha akauliza, "Nani amelilinganisha?" Tulimwonyesha mama yule. Akasema, "Mimi nilijifunza kwa kumtazama mjomba. Sikujua namna ya kuwaeleza. Ndiyo maana niliwakataza."

Maneno yale yalinifundisha. Kumbe mtu anaweza kujua kazi vizuri, lakini asijue kuieleza. Kwa hiyo masomo haya tunayaandika. Ukisoma, utajifunza. Ukijifunza, mweleze mwenzako.

WENZETU WALIOTUTANGULIA

Gitaa si geni kwetu. Mkoa wetu unapakana na Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Huko, katika jimbo la Katanga, alitokea mpigaji hodari aliyeitwa Jean Bosco Mwenda. Alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 alirekodiwa akipiga wimbo wake uitwao Masanga. Wimbo huo ulisikika Afrika na hata Ulaya na Marekani. Aliyemrekodi ni Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya muziki. Wapigaji wengi wa Katanga wa wakati ule walitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba na kidole cha shahada. Vidole viwili tu! Lakini ukisikiliza, utadhani wanapiga watu wawili.

Hapa Tanzania tulikuwa na Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa mwaka 1944. Alipiga gitaa la solo na kuimba katika bendi ya Morogoro Jazz. Mwaka 1970 alikwenda Japani na bendi hiyo, kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka. Mwaka 1973 alianzisha bendi yake, Super Volcano. Alifariki mwezi Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Bosco naye alifariki mwaka 1990.

Wote wawili hawapo. Nyimbo zao zipo kwa sababu zilirekodiwa. Sisi vijijini hatuna studio. Studio yetu ni vichwa vya watu wengi. Wimbo ukijulikana na watu 8, haupotei mmoja akihama.

Sasa tuanze kazi.

WIKI YA KWANZA: KULINGANISHA NYUZI

Kaa kwenye kigoda au kiti kisicho na mikono. Weka gitaa pajani. Mkono wa kushoto ushike shingo. Mkono wa kulia ufike kwenye nyuzi, mbele ya tundu.

Nyuzi zina namba. Uzi mwembamba kabisa ni wa 1. Uzi mnene kabisa ni wa 6. Tazama shingo. Utaona vijiti vya chuma vilivyolala. Nafasi kati ya kijiti na kijiti tutaiita chumba. Chumba cha 1 ni kile kilicho karibu na kichwa cha gitaa.

Kama unaimba kwaya, sauti za nyuzi ni hizi, kuanzia uzi mnene: Mi, La, Re, So, Ti, Mi. Ziimbe kila siku mpaka uzizoee.

Kama huimbi kwaya, fanya hivi:

1. Kaza uzi wa 6 mpaka ulie vizuri. Usiukaze sana.
2. Bonyeza uzi wa 6 katika chumba cha 5. Sauti hiyo iwe sawa na uzi wa 5 usiobonyezwa.
3. Bonyeza uzi wa 5 katika chumba cha 5. Sauti iwe sawa na uzi wa 4.
4. Bonyeza uzi wa 4 katika chumba cha 5. Sauti iwe sawa na uzi wa 3.
5. Bonyeza uzi wa 3 katika chumba cha 4. Angalia, hapa ni cha 4! Sauti iwe sawa na uzi wa 2.
6. Bonyeza uzi wa 2 katika chumba cha 5. Sauti iwe sawa na uzi wa 1.

Kwa hiyo namba za kukumbuka ni hizi: 5, 5, 5, 4, 5. Ziandike kwenye daftari. Ziandike pia kwenye karatasi, uibandike nyuma ya gitaa.

Masikio yako yakikosa hakika, tumia karatasi. Kata kipande kidogo kama ukucha. Kikunje katikati. Kikalishe juu ya uzi wa 5, kama mtu aliyepanda punda. Sasa bonyeza uzi wa 6 katika chumba cha 5, uupige. Kama nyuzi zimelingana, karatasi itatetemeka, na huenda ikaanguka. Kama hazijalingana, itatulia. Sababu ni kwamba uzi ukilia, huutikisa mwenzake wenye sauti ile ile.

Siku hizi zipo programu za simu zinazosaidia kulinganisha nyuzi. Ni nzuri. Lakini simu huzimika chaji. Sikio halizimiki. Jifunze kwa sikio kwanza.

Tahadhari: zungusha kigingi polepole. Weka uso wako mbali na nyuzi. Uzi wa 1 ndio unaokatika upesi. Ukikatika kwa nguvu unaweza kuumiza jicho.

Zoezi: kila mwanakikundi alegeze nyuzi kidogo, kisha azilinganishe mwenyewe. Asisaidiwe mpaka aombe.

WIKI YA PILI: KODI YA DO

Vidole vya mkono wa kushoto navyo vina namba. Cha shahada ni 1. Cha kati ni 2. Cha pete ni 3. Cha mwisho ni 4. Gumba hukaa nyuma ya shingo.

Kodi ya Do hushikwa hivi:

Kidole cha 3: uzi wa 5, chumba cha 3.
Kidole cha 2: uzi wa 4, chumba cha 2.
Kidole cha 1: uzi wa 2, chumba cha 1.

Uzi wa 3 na uzi wa 1 usiziguse kwa mkono wa kushoto. Ziache zilie. Uzi wa 6 usiupige.

Bonyeza kwa ncha ya kidole, karibu na kijiti cha chuma, lakini si juu yake. Kisha piga uzi mmoja mmoja. Kama uzi haulii vizuri, tazama vidole. Labda kidole kimoja kimelalia uzi wa jirani. Kinyanyue.

Vidole vitauma. Hiyo ni kawaida. Jembe nalo lilikuuma mkono ulipoanza kulima. Ukijifunza kila siku, ngozi itakuwa ngumu. Lakini ngozi ikipasuka, pumzika mpaka ipone.

Zoezi: shika kodi ya Do, hesabu mpaka 4, achia. Rudia mara 20 kila siku.

WIKI YA TATU: KODI YA SO, NA KUHAMA

Kodi ya So tutaishika kwa njia nyepesi:

Kidole cha 3: uzi wa 6, chumba cha 3.
Kidole cha 2: uzi wa 5, chumba cha 2.
Kidole cha 1: uzi wa 1, chumba cha 1.

Nyuzi nyingine ziache zilie. Nyuzi zote 6 zinapigwa.

Linganisha kodi hizi mbili. Katika So, vidole vya 3 na 2 vimehamia kwenye uzi wa jirani ulio mnene zaidi. Vyumba ni vile vile. Kidole cha 1 kimehamia uzi mwembamba. Chumba chake nacho ni kile kile. Kwa hiyo si kazi kubwa kama unavyodhani.

Kazi kubwa ni kuhama bila kusimama. Wengi hukatia tamaa hapa. Mkono unahama, lakini wimbo unasimama kumngoja mwenyewe. Dawa ni moja: piga polepole. Hesabu moja, mbili, tatu, nne kwa Do. Halafu moja, mbili, tatu, nne kwa So. Kama huwahi, punguza mwendo zaidi. Mwendo wa kobe si aibu. Aibu ni kusimama katikati ya njia.

Mkono wa kulia ufanye kama wale wapigaji wa Katanga. Gumba lipige uzi mnene: uzi wa 5 katika Do, uzi wa 6 katika So. Kidole cha shahada kipige nyuzi nyembamba. Gumba, shahada. Gumba, shahada. Mguu upige chini pamoja na gumba.

Zoezi: hama kutoka Do kwenda So mara 30 kila siku bila kutazama mkono.

WIKI YA NNE: WIMBO WENU WENYEWE

Usianze na wimbo mgumu wa bendi. Nyimbo nyingi za dansi zinahitaji kodi tatu: Do, Fa na So. Kodi ya Fa tutaipata mwezi ujao. Kwa sasa chagueni wimbo mfupi mnaoujua tangu utotoni. Wimbo wa kulelea mtoto unafaa. Wimbo wa mchezo wa watoto pia unafaa. Wimbo uwe kichwani tayari, ili akili ishughulike na vidole tu.

Do ni nyumbani. So ni safarini. Wimbo mwingi huanza nyumbani, hutoka safari, mwisho hurudi nyumbani. Anza na Do. Imba polepole. Sikio likikwambia kodi hii haipatani na wimbo, hamia So. Likikwambia rudi, rudi Do. Wengine wasikilize na kusema, "Hapa hama," au "Hapa bado." Kama kodi zote mbili hazifai mahali fulani, wimbo huo unataka Fa. Uwekeni, mchague mwingine.

Mkikubaliana, andikeni. Andikeni maneno ya wimbo kwenye daftari. Juu ya neno ambapo mnahama, andikeni Do au So. Sasa mna wimbo ulioandikwa. Mtu ambaye hajawahi kuwaona anaweza kuupiga.

Kama wimbo uko juu mno kwa sauti zenu, shusheni nyuzi zote kidogo kwa kipimo kile kile. Kisha linganisheni tena kwa 5, 5, 5, 4, 5.

GITAA MOJA, WATU WENGI

Wasomaji wengine watasema, "Gitaa moja halitoshi." Linatosha. Sisi tulibaki watu 8. Kila mmoja alipewa dakika 15 kila jioni. Watu 8 mara dakika 15 ni dakika 120, yaani saa 2. Mmoja akipiga, wengine wanaimba, wanasikiliza na kusahihisha. Masikio yanajifunza hata mkono ukiwa umepumzika.

Njia hii si mpya. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 nchini walijifunza usafi na afya katika kampeni ya Mtu ni Afya. Si kila mtu alikuwa na redio. Walikutana kwa vikundi, wakasikiliza redio moja, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Kisha wakachimba vyoo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wekeni masharti machache. Gitaa lisikae juani wala karibu na moto, maana mbao zitapinda au kupasuka. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga. Fedha ya nyuzi ichangwe kabla hazijakatika. Na sharti kubwa ni hili: anayepiga ndiye anayelinganisha. Mtu asipewe gitaa ambalo mwingine amekwisha mtengenezea. Ajaribu mwenyewe. Akikata uzi, asichekwe. Uzi hununuliwa. Ujuzi uliohama na mtu haununuliwi.

MAANA YA MANENO

Chumba: nafasi kati ya vijiti viwili vya chuma kwenye shingo ya gitaa.
Kigingi: kitu kinachozungushwa ili kukaza au kulegeza uzi.
Kodi: sauti kadhaa zinazolia pamoja na kupatana.
Kulinganisha: kukaza au kulegeza nyuzi mpaka sauti zipatane.
Solo: gitaa linalopiga sauti za mbele katika bendi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gitaa lilitundikwa ukutani kwa miezi 7?
2. Je, Fundi alikosea? Je, kikundi nacho kilikosea? Elezeni.
3. Ni namba zipi 5 za kulinganisha nyuzi? Zisemeni bila kutazama gazeti.
4. Kodi ya Do na kodi ya So zinafanana wapi? Zinatofautiana wapi?
5. Katika kijiji chenu, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu? Mtafanya nini ili wengine waijue kabla hajaondoka?

Swali la 5 si la gitaa peke yake. Lijadilini vizuri. Labda ni mama anayejua kufinyanga vyungu. Labda ni mzee anayejua kuchonga mizinga ya nyuki. Nendeni kwake mwezi huu huu, mkiwa na daftari.

Mwezi ujao tutajifunza kodi ya Fa. Hiyo ni ngumu kidogo, kwa sababu kidole kimoja hubonyeza nyuzi mbili. Mpaka hapo, linganisheni nyuzi zenu wenyewe.

Masomo mema.